Wanajeshi wakiitwa kutuliza raia: jibu kwa mama wa Kibirizi

Mama mmoja anayeuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, ameniandikia hivi. Nimefupisha, ila maneno ni yake:

"Mwanangu wakili, habari za huko Tabora. Kijana wangu wa pili ni askari wa JWTZ, yuko kikosini mkoa mwingine. Tangu zile siku za uchaguzi wa Oktoba 2025, hapa mwaloni ubishi hauishi. Wako wanaosema jeshi halina ruhusa kabisa kuingilia mambo ya raia. Wengine wanasema afadhali waje wao kuliko FFU (polisi wa kutuliza ghasia), kwa sababu jeshi ni la wananchi na haliwezi kuwapiga wananchi. Mimi nataka kujua mawili. Sheria inasemaje? Na mwanangu akiamriwa awapige watu risasi, akatii, mzigo ni wa nani?"

Shikamoo mama. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na hilo la pili limenikaa moyoni kuliko la kwanza. Lakini huwezi kulijibu la pili bila kupita kwenye la kwanza.

Wanaosema jeshi halina ruhusa kabisa wamekosea. Ibara ya 148 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuviamuru vikosi vifanye shughuli za kuilinda Tanzania, za kuokoa maisha na mali za watu wakati wa hatari, na nyingine ambazo yeye ataona zinahitajika. Ibara hiyo inasema waziwazi kwamba shughuli hizo zinaweza kuwa ndani ya nchi au nje. Ndiyo maana tope liliposhuka mlimani Hanang, Desemba 2023, wanajeshi walikuwa pale Katesh wakifukua. Hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Mlango uliowapitisha kwenda Katesh ndio huohuo unaoweza kuwapitisha kwenda kusimama mbele ya waandamanaji.

Ni mlango mpana mno, na unanitia wasiwasi. Ibara haisemi waende wangapi, wapi, kwa siku ngapi, wala pale mtaani nani amwamuru nani kati ya ofisa wa jeshi na kamanda wa polisi. Haimlazimishi mtu kulieleza Bunge. Hata hivyo imeanza kwa kutambua sheria zilizotungwa na Bunge, na hapo ndipo ninapoona nafasi: wabunge wetu wanaweza kuandika masharti hayo yote katika sheria ya kawaida bila kusubiri Katiba mpya. Ningependa sana mbunge wa Kigoma au wa huku kwetu Unyamwezini alibebe jambo hili.

Watu wengi huchanganya hayo na hali ya hatari, ambayo ni jambo jingine. Hiyo iko ibara ya 32. Rais akitangaza hali ya hatari, nakala ya tangazo inakwenda kwa Spika, Bunge linaitishwa ndani ya siku 14, na azimio la kulikubali tangazo linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Hata hapo, ibara ya 31 hairuhusu mtu anyimwe uhai, isipokuwa kifo kilichotokana na vitendo vya kivita. Kwa hiyo amri ya kutotoka nje usiku, kama ile iliyowekwa Dar es Salaam Oktoba 29, 2025, hailingani na tangazo la ibara ya 32, na gari la jeshi kupita barabarani hakufuti haki ya mtu yeyote. Siku zile watu waliuawa, intaneti ilizimwa, wanajeshi walionekana mitaani pamoja na polisi, na baadaye Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Swali ninalotaka lijibiwe kuhusu siku zile ni lilelile ninalouliza kila mahali: wanajeshi walipewa maagizo gani hasa, na nani aliyatia sahihi?

Majirani zetu wameyaandika masharti haya. Ibara ya 241 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu jeshi lipelekwe kurejesha amani penye machafuko, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa. Juni 25, 2024, vijana waliokuwa wakipinga muswada wa fedha waliingia bungeni Nairobi, na siku hiyohiyo waziri wa ulinzi Aden Duale akatangaza kwamba jeshi limeitwa kuwasaidia polisi. Idhini ya Bunge ilipatikana kesho yake. Kesi ikafunguliwa, na Juni 27 Jaji Lawrence Mugambi akaamua kwamba jeshi libaki, ila serikali ichapishe katika gazeti lake rasmi, ndani ya siku mbili, wanajeshi wanafanya nini, wapi na kwa muda gani. Afrika Kusini nako kifungu cha 201 cha Katiba kinamtaka Rais alieleze Bunge bila kuchelewa sababu, mahali, idadi ya askari na muda. Machafuko ya Julai 2021, yaliyoua zaidi ya watu 350, yalipofika kwenye kuita jeshi, raia aliweza kujua kwamba idadi iliyoidhinishwa ni askari 25,000. Sheria ya namna hii haimfungi mikono Rais kwenye dharura. Inamlazimisha aweke amri yake mahali inapoweza kusomwa.

Sasa nije kwa wale wanaosema jeshi haliwezi kuwapiga wananchi. Mimi naishi Tabora, mama, na mji huu una sehemu yake katika habari hiyo. Januari 1964 jeshi letu liliitwa Tanganyika Rifles na lilikuwa na batalioni mbili, ya kwanza Colito nje kidogo ya Dar es Salaam, ya pili hapa Tabora. Usiku wa kuamkia Januari 20 wale wa Colito waliasi, wakitaka mishahara mizuri na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Siku iliyofuata wa Tabora nao wakafuata. Dar es Salaam maduka yaliporwa na watu wakafa. Serikali haikuwa na nguvu nyingine ya kutosha ya kuwazuia watu wenye silaha za vita, na Mwalimu Nyerere ikambidi, kwa uchungu mkubwa, awaombe Waingereza msaada. Makomando wao walitua Colito Januari 25. Wa Tabora walisalimisha silaha.

Baada ya hapo jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa JWTZ, likaongozwa na Mrisho Sarakikya, ofisa aliyekuwa hapahapa Tabora wakati wa maasi. Fikra ya jeshi jipya ilikuwa kwamba askari atoke kwa wananchi na ajione mwananchi. Kisha zikaja kazi zilizolijengea jina: kusaidia ukombozi wa kusini mwa Afrika, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ulinzi wa amani nje ya nchi. Heshima unayoiona mwaloni inatoka huko. Lakini inatoka pia katika jambo ambalo watu hawalisemi: kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuzoea kukutana na mwanajeshi upande wa pili wa vurugu. FFU wanachukiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ndio wanaotumwa. Tuma jeshi mara tatu, mara nne, na utawasikia watu walewale wakiwaita kwa majina wanayowaita FFU.

Hilo halihitaji kukisiwa. Wewe wa Kigoma unaikumbuka Operesheni Kimbunga ya Septemba 2013, iliyopita Kigoma, Kagera na Geita ikitafuta wahamiaji haramu na majambazi, na jeshi likiwamo. Mwezi uliofuata ikaanza Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, ambapo wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walifanya kazi pamoja. Malalamiko ya mateso, mauaji na mifugo kupigwa risasi yalikuwa mengi kiasi kwamba ilisitishwa mwanzoni mwa Novemba. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ikachunguza, na Desemba 20, 2013 mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao, akiwamo wa ulinzi na wa mambo ya ndani. Na ujangili ulikuwa adui wa kweli. Tembo walikuwa wanakwisha. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni mipaka.

Kwa nini inakuwa hivyo? Jibu lipo katika mafunzo, na ningeomba uliangalie kwa jicho la mzazi, kwa sababu linamhusu mwanao moja kwa moja. Polisi wa kutuliza ghasia hufundishwa kuhesabu watu anaowakabili kama raia watakaorudi nyumbani jioni. Ana ngao, kirungu, mabomu ya machozi, gari la maji ya kuwasha. Hufundishwa kuacha njia ya kutorokea ili umati utawanyike. Siwasifu polisi wetu hapa, maana yote hayo mara nyingi yanabaki kwenye karatasi. Nasema tu kwamba karatasi ipo. Askari wa miguu hufundishwa jambo jingine: kumfikia adui, kumzunguka, kummaliza. Njia ya kutorokea anaiziba. Silaha yake ni bunduki ambayo risasi yake hupenya mlango wa mbao na kumkuta mtu asiyehusika aliye ndani. Ukimchukua kijana mwema wa namna hiyo ukamweka barabarani saa mbili usiku, mawe yanarushwa, hajala, na hakuna aliyemweleza lini afyatue na lini asifyatue, atafanya alichofundishwa.

Kuna tukio la Compton, karibu na Los Angeles, mwaka 1992, ambalo hulieleza kila ninapofundisha. Ghasia zilikuwa zimeenea na askari wa majini wa Marekani walikuwa wakifuatana na polisi. Polisi walifika kwenye nyumba yenye ugomvi wa kifamilia, wakapigwa risasi za marisau kupitia mlangoni. Polisi mmoja akawapazia sauti wanajeshi wamkinge. Yeye alitaka waelekeze bunduki na kukaa tayari. Wao, kwa mafunzo yao, kumkinga mwenzao ni kumiminia risasi alipo adui ili mwenzao asogee. Nyumba ikapigwa risasi zaidi ya 200 kwa muda mfupi sana, na ndani mlikuwa na watoto. Hakuna aliyekufa, kwa bahati tu. Wale askari hawakuwa waovu, na walikuwa wametii.

Nchi hiyohiyo ina mfano unaokwenda upande mwingine, na sitakuficha kwa kuwa unawapa haki kidogo wanaosema afadhali jeshi. Detroit, Julai 1967, watu 43 walikufa katika machafuko, wengi wao kwa risasi za polisi na za walinzi wa jimbo, vijana wa akiba waliokuwa na mafunzo haba na woga mwingi. Askari wa miavuli wa jeshi la kudumu walipoletwa, kamanda wao, Jenerali John Throckmorton, aliamuru risasi zitolewe kwenye bunduki, na upande wao wa mji ukatulia haraka. Kwa hiyo sidai kwamba mwanajeshi ni hatari kuliko polisi kila mahali na kila siku. Ninachodai ni kwamba usalama wa raia siku ile haukutoka katika upendo wa askari. Ulitoka katika amri moja iliyo wazi, ya ofisa aliyekuwa tayari kuibeba.

Ireland ya Kaskazini inaonyesha upendo unavyokwisha. Agosti 1969 jeshi la Uingereza liliingia Derry na Belfast, na Wakatoliki wengi, waliokuwa wamechoshwa na polisi, waliwapokea askari kwa chai. Januari 30, 1972, chini ya miaka mitatu baadaye, askari wa miavuli waliwapiga risasi waandamanaji Derry wakaua 13. Uchunguzi wa Jaji Saville ulitoka mwaka 2010 na kusema mauaji yale hayakuwa na uhalali. Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Operesheni iliyoanza kama msaada wa muda ilidumu hadi 2007.

Na kuna jirani yetu wa karibu zaidi. Aprili 2015, watu wa Bujumbura walipoandamana kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, polisi walikuwa wakifyatua, na wanajeshi wakawa wanasimama katikati. Waandamanaji waliwashangilia. Ilionekana kama ndoto ya wale wabishi wa mwaloni imetimia. Mei 13 Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi, jeshi likagawanyika, mapinduzi yakashindwa, na waliobaki nyuma wakalipa. Kilichofuata unakijua kuliko mimi: Kagunga ikajaa maelfu kwa maelfu ya watu kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Jeshi likishafanywa mwamuzi kati ya raia na polisi, hata kwa kupendwa, si muda mrefu kabla mtu mwenye nyota begani hajaanza kuona kwamba uamuzi wa nchi ni wake. Mimi sitaki jeshi letu lifike hapo, kwa njia ya kuchukiwa wala kwa njia ya kushangiliwa.

Sasa mwanao.

Sheria ya kijeshi inamwadhibu askari anayekaidi amri halali. Neno halali lina uzito wote hapo. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha misingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, na misingi hiyo inamhesabu mwanajeshi anayefanya kazi ya polisi kuwa sawa na polisi: bunduki itumike kulinda uhai ulio hatarini wakati huohuo, na pale tu njia nyepesi zimeshindwa. Misingi hiyohiyo inasema kutii amri si kinga kwa aliyejua kwamba amri ni haramu waziwazi na alikuwa na nafasi ya kukataa. Inaongeza kwamba aliyetoa amri naye anawajibika. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unakwenda upande huohuo kwa makosa makubwa kabisa. Kwa hiyo mzigo ni wa wote wawili, mama. Mkubwa hauondoi wake kwa kusema hakushika bunduki, na mdogo hauondoi wake kwa kusema aliambiwa.

Amri haramu waziwazi ni ipi? Kumpiga risasi anayekimbia amekupa mgongo. Kumpiga aliyelala chini au aliyenyoosha mikono. Kufyatua ndani ya umati ili wengine waogope. Kupiga nyumba usiyojua nani yumo. Kwa upande mwingine, mtu akimjia na panga au akiwasha moto mahali penye watu ndani, sheria haimtaki asimame akitazama.

Sitakwambia kwamba kukataa ni rahisi. Kijana mwenye cheo cha chini, kikosini, usiku, akimkatalia ofisa, anaweza kuwekwa mahabusu na kufikishwa mahakama ya kijeshi, na hata akishinda baadaye maisha yake kazini yatakuwa yamebadilika. Lakini kutii nako kuna muda mrefu. Askari mmoja wa wale wa Derry, aliyefichwa jina na kuitwa Askari F, alipandishwa kizimbani Belfast mwaka 2025, miaka 53 baada ya siku ile, akiwa mzee. Oktoba mwaka huo mahakama ilimwachia kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Nusu karne aliishi na kesi hiyo mbele yake, na familia za waliouawa ziliishi bila jibu.

Ukizungumza naye, mwambie afanye haya kabla ya kushuka kwenye gari, maana baada ya kushuka nafasi ni ndogo. Aulize, kwa adabu ya kijeshi, wametumwa kulinda nini na ni lini wanaruhusiwa kufyatua. Hilo ni swali la askari mzuri, na ofisa mzuri atakuwa na jibu. Ajue ofisa wa polisi aliye nao ni nani, kwa kuwa kukamata na kuhoji raia ni kazi ya polisi. Ahesabu risasi alizopewa na alizorudisha. Akifyatua hata moja, aandike ripoti siku hiyohiyo: saa ngapi, wapi, kwa nini. Mtu akijeruhiwa, amsaidie. Ripoti ya namna hiyo imewaokoa askari wengi waliotenda haki, na ndiyo humtofautisha na mwenzake aliyepoteza kichwa.

Na kwa wewe na majirani zako, iwapo siku moja wanajeshi watapita Ujiji au Mwanga na mtu wenu akachukuliwa: mwanajeshi akimkamata raia anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa, na polisi nao wana saa 24 za kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana kwa makosa yenye dhamana. Andikeni namba za gari, saa na mahali. Nendeni kituo cha polisi cha karibu mkiwa wawili au watatu, muulize jina lake katika kitabu cha mahabusu. Wakisema hayupo, mwende na kituo kingine, kisha msikae siku tatu mkisubiri simu. Mahakama Kuu ina masjala hapo Kigoma, na ina uwezo wa kuamuru mtu anayeshikiliwa aletwe mbele yake. Wakili yeyote anajua ombi hilo, na Chama cha Mawakili Tanganyika kina wanachama wanaolipeleka bila malipo kwa asiye na uwezo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya serikali, na barua ya mkono inatosha.

Mwanao akipata likizo akapita Tabora, mpe namba yangu. Nitakaa naye kwa muda atakaotaka.